Siku Waliyonilimia Nikiandika Parsa

Siku ile walikuwepo hawa. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha tatu, ambaye alikuwa amefyeka na kulaza nyasi za shamba zima peke yake. Kitindamimba wetu, msichana wa darasa la tano. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyekuwa amepanda kutoka Lituhi kule ziwani na kubadilisha gari Kitai. Mama jirani, pamoja na wake wawili wa wanawe. Bibi wa ng'ambo ya kijito, ambaye hana undugu nasi lakini sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina jingine. Na mimi, mwenye shamba, niliyekuwa nimekaa kwenye baraza ya mama jirani bila jembe, na kompyuta ya kuazima mapajani, waya wake ukipita dirishani kwenda kwenye umeme.

Nawataja wote kwa sababu hakuna hata mmoja ninayeweza kumwondoa, na yaliyotokea yakabaki kuwa yaleyale.

Kwetu, upande wa Mkumbi, kazi ya shamba tunasaidiana kwa zamu. Wamatengo wanaiita ngokela. Leo mnalima kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika. Aliyekuja kwako siku moja, na wewe unadaiwa siku moja kwake. Mwenye shamba ndiye anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ukikaa kivulini wakati wenzako wanachimba shamba lako, watu wataongea msimu mzima, na hawatakuwa wamekosea.

Sasa nieleze ilikuwaje nikakaa kivulini.

Baba alitangulia, mama akamfuata wakati mimi niko kidato cha pili. Mama alikuwa Mmatengo wa hapahapa na shamba lilikuwa la kwao. Baba alikuwa mtu wa ziwani aliyepanda mlimani kwa ajili yake na hakurudi tena. Baada ya mazishi ya mama nilirudi shuleni wiki chache, kisha nikaacha. Hakuna aliyenilazimisha. Kulikuwa na mdogo wangu wa kuvalishwa sare asubuhi, na mwingine ambaye hakutaka kulala mpaka nimshike sikio, na kulikuwa na kahawa ya kuchuma. Nililia kidogo kwa ajili ya daftari la hisabati, nikaendelea na kazi.

Miaka ilipita hivyo. Halafu mjini Mbinga alikuja mwalimu mmoja aliyefungua darasa la kompyuta kwenye ukumbi karibu na kanisa, kwa vijana walioishia njiani kama mimi. Nilikuwa nimepeleka maharage sokoni, nikapita pale, nikasimama mlangoni. Aliniuliza kama nataka kuingia au nataka kuziba mwanga. Nikaingia.

Nilikuwa nikienda siku mbili kwa wiki, na kila nilichojifunza nilikipenda. Lakini kilichonishika hasa ni parsa. Mwalimu aliieleza hivi. Mtu anaandika maagizo kwa lugha fulani ndogo, na kompyuta inaona herufi tu, moja baada ya nyingine, kama punje za mahindi zilizomwagika. Lazima pawepo na programu ya kuzisoma hizo herufi, kuzikata vipande, kujua kipande hiki ni namba na hiki ni alama, kisha kujua nini kinashikana na nini na kipi kifanywe kwanza. Hiyo programu ndiyo parsa. Alitupa lugha ndogo ya kuifanyia kazi. Ilikuwa na maneno mawili tu, "weka" na "andika", pamoja na namba, alama za hesabu na mabano. Ukiandika "andika 2 + 3 * 4" ikujibu kumi na nne, isikujibu ishirini.

Wenzangu wengi waliona ni mateso. Mimi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi darasani. Kurasa za kujifunzia zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa akinisomea baada ya shule tukiwa jikoni. Akikutana na neno asilolijua alilisema kwa sauti kubwa zaidi, ili nisigundue.

"Hilo maana yake nini?" nilimuuliza mara moja.

"Dada, hilo ni neno la kitaalamu."

"Ndiyo, lakini maana yake?"

"Maana yake ni ya kitaalamu."

Tulikwenda hivyo, na tulifika mbali. Mpaka leo nikisoma ukurasa mgumu nasikia sauti yake.

Mambo yalibadilika pale ndugu walipofanya kikao. Walikuwa watu wema na walisema maneno ya kweli: mibuni ilikuwa imezeeka, mvua za mwaka uliopita zilitutupa, na mimi peke yangu sitaweza. Wakaamua kwamba baada ya kupanda maharage, mdogo wangu wa kiume aende kwa mjomba Songea, kitindamimba ashuke ziwani kwa shangazi, na mimi niende Makambako, ambako kuna mtu alihitaji msichana wa mgahawa. Nilipomaliza kusikiliza nilienda Mbinga kumwambia mwalimu kwamba sitarudi.

Mwalimu akasema anatafuta msaidizi wa kufundisha wanaoanza. Kazi ya kila siku, yenye mshahara, hapohapo Mbinga. Alikuwa amefikiria kunipa, lakini msaidizi lazima awe amemaliza parsa, na jina alitakiwa kulipeleka kwa wenye darasa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Yako imefika wapi?" akauliza.

"Imefika mwisho," nikasema, kwa sababu niliamini hivyo.

Akakaa kwenye kiti changu, akaandika: andika 2 * ((1 + 3) + 4). Programu yangu ikajibu kumi na mbili. Jibu ni kumi na sita. Akaandika nyingine, akafungua mabano mawili makusudi na kufunga moja tu. Programu yangu ikajibu bila wasiwasi wowote.

"Hii inakubali vipi?" akauliza. "Umefungua mawili, umefunga moja."

"Moja linatosha," nikasema. "Linafunga yote mawili."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Ndivyo nilivyoona inavyopaswa kuwa, na ilinichukua muda kujua nimeitoa wapi. Sisi tunalima ngolo. Unalaza nyasi kwenye mteremko kwa mistari inayokatana, zinatokea miraba, kisha unachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi. Katikati panabaki shimo la kukusanya maji ya mvua, na pembeni zinabaki kingo ambazo juu yake unapanda maharage. Ukingo wa shimo hili ndio ukingo wa shimo la jirani yake. Hakuna mtu mwenye akili anayejenga kingo mbili kando kwa kando. Ni kupoteza udongo. Nimechimba ngolo tangu nina umri wa kushika jembe. Nilipoona mabano ndani ya mabano niliona mashimo, na mikono yangu ikayapa ukingo mmoja.

Mwalimu si mtu wa huku. Nilipomwelezea alicheka mpaka akavua miwani, lakini alicheka vizuri. Kisha akasema, "Mabano si mashimo yaliyo kando kwa kando. Moja liko tumboni mwa jingine. Kila lililofunguliwa linafungwa na lake."

Hilo nililielewa. Nisilolielewa ni namna ya kuifanya programu ikumbuke yapi bado yako wazi. Akasema sehemu ya programu inayosoma hesabu, ikikutana na bano jipya, ijiite yenyewe ianze upya kwa kile kilichomo ndani, na ikimaliza irudi pale ilipoishia.

"Inajiitaje wakati haijamaliza?" nikauliza.

"Inasubiri."

"Nani anasubiri, kama ni hiyohiyo iliyokwenda?"

Akajaribu kunieleza tena, kisha tena kwa njia nyingine. Akaniruhusu nibebe kompyuta moja nyumbani, ambayo betri yake ilikuwa imekufa na ilifanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Nilirudi nayo nimeifunga kwenye kanga.

Nyumbani nilimkuta shangazi. Alikuwa amekuja mapema kumchukua mtoto, na alikuwa ameleta dagaa wakavu na begi tupu la kuwekea nguo za mtoto. Nilimpenda sana shangazi na nilitamani asingekuja. Mume wake alifariki, watoto wake wameolewa mbali, na yuko peke yake kwenye nyumba aliyoijenga kwa ajili ya watu wengi. Kitindamimba alipomwamkia alimshika mkono akaendelea kuushika muda wote aliokuwa akizungumza nami.

Nikamweleza kuhusu Jumatatu. Nikamweleza pia kwamba nyasi zimeshalazwa, mvua ziko karibu kukatika, na maharage yasipoingia ardhini wiki hiyo hakuna maharage. Shamba na parsa vyote vilikuwa vinanitaka siku zilezile.

"Hicho kitu ukikimaliza," akasema, "mtoto anabaki?"

"Anabaki, shangazi. Wote tunabaki."

Akauliza jembe liko wapi. Nikamwambia apumzike, ametoka safari, na tena kwao ziwani wanalima muhogo kwa matuta, ngolo haijui. Akasema kuchimba ni kuchimba.

Yeye ndiye aliyekwenda kwa mama jirani. Walichosemezana sikijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi ya Jumamosi, wakati naondoka na jembe langu, mama jirani alinikuta njiani akaninyang'anya.

"Leo wewe unakaa barazani kwangu. Umeme upo."

"Mama, watu watasemaje?"

"Watu ndio sisi. Tumeshasema."

Basi nikakaa. Sijawahi kuona aibu kama ile. Baraza inatazama shamba moja kwa moja, na nilimwona kila mmoja akiinama na kuinuka. Mara mbili nilifunga kompyuta nikashuka, na mara zote mbili Bibi alinirudisha. Ya pili alininyooshea jembe kama anamfukuza kuku.

"Shikamoo Bibi, niache nisaidie kidogo tu."

"Marahaba, rudi. Umekuja kukagua wafanyakazi wako?"

Wote wakacheka. Shangazi alikuwa anachimba upande wa chini, na mmoja wa wale wake za wana wa mama jirani alikuwa anamwonyesha namna ya kutupa udongo juu ya nyasi bila kuziba shimo. Mashimo yake yalikuwa ya ajabu, mengine marefu kama mitaro.

"Shangazi, hapo unazika mtu?" yule binti akamuuliza.

"Nitamzika atakayecheka."

Nilirudi barazani nikatazama kioo. Nilikuwa nimeandika ile sehemu ya kujiita yenyewe kama mwalimu alivyosema, na programu ilikuwa inazunguka bila kurudi mpaka inakufa. Sikujua tatizo liko wapi kwa sababu moyoni sikuwa nimeamini kwamba kazi inaweza kuachwa nusu na ikabaki salama.

Kuelekea mchana walipumzika kunywa togwa chini ya baraza, na Bibi akaanza kulalamika. Nayakumbuka maneno yao kwa sababu nilikuwa nayasikiliza ili nisiitazame kompyuta.

"Tulianza kwangu," alisema Bibi. "Kwangu tukaacha nusu, tukaenda kwa huyu mama kwa sababu nyasi zake zilikuwa zinaoza. Kwa huyu nako tukaacha nusu, tuko hapa kwa sababu ya mtoto wa mashine. Mwisho mtasahau langu."

"Nani asahau?" mama jirani akajibu. "Jembe lako si lipo palepale ulipolisimamisha? Tukimaliza hapa tunarudi kwangu, tunaanzia pale tulipoishia. Tukimaliza kwangu tunarudi kwako."

"Kwa nini mimi wa mwisho wakati nilikuwa wa kwanza?"

"Si kwa sababu ulikuwa wa kwanza! Tukianza kurudi kwako leo, hili la hapa na la kwangu yatabaki wazi yote."

"Maneno mengi. Ongeza togwa."

Sitasema kwamba togwa ya siku ile ilinifundisha parsa. Mwalimu ndiye alinifundisha, na mdogo wangu aliyenisomea. Lakini pale niliona kile ambacho mwalimu alikuwa akinieleza na mimi nikawa nakataa. Shamba la Bibi linasubiri la mama jirani, la mama jirani linasubiri letu, na kila moja lina alama ya pale lilipoishia. Watu ni walewale. Hakuna anayechanganyikiwa. Lililofunguliwa mwisho ndilo linalofungwa kwanza.

Nikasoma tena nilichokuwa nimeandika. Sehemu yangu ilikuwa inajiita, ndiyo, lakini kabla ya kujiita haikuwa inavuka lile bano la kufungua. Kwa hiyo kila ilipoanza upya ilikutana na bano lilelile, ikaanza upya tena. Ilikuwa kama kuacha shamba la Bibi kwenda shamba la Bibi. Nikaongeza mstari wa kuvuka bano la kufungua, na mwingine baada ya kurudi: hapa lazima pawe na bano la kufunga, na kama halipo, sema. Nikaandika andika 2 * ((1 + 3) + 4). Kumi na sita.

Sikupiga kelele. Nilishuka shambani, na safari hii hakuna aliyenirudisha, labda kwa sababu ya uso wangu. Mdogo wangu alikuwa anasogeza nyasi zilizohama. Akanitazama.

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Lile neno la kitaalamu?"

"Hilohilo."

Tulimaliza shamba jioni wote kwa pamoja. Kitindamimba alimwaga maharage kwenye kingo nyuma ya shangazi, na mimi nikayafunika. Tukala ugali na dagaa wa Lituhi, na Bibi akasema dagaa wa ziwani wana chumvi ya kuwamalizia watu maji, kisha akaongeza sahani.

Jumatatu mwalimu alikaa tena kwenye kiti changu. Akaandika andika 3 * (2 + (5 - (1 + 1))). Programu ikajibu kumi na tano. Akafuta bano moja la mwisho. Programu ikaandika: "Samahani, kuna bano halijafungwa, mstari wa kwanza."

"Mbona inaniomba samahani?" akauliza. "Mwenye kosa si mimi?"

"Wewe ni mkubwa wake," nikasema.

Akaandika jina langu mbele yangu, akalituma.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa amekaa nje akisuka nywele za kitindamimba. Nilimwambia. Aliendelea kusuka, mstari mmoja mzima, akaufunga mwishoni, ndipo akasema, "Tumshukuru Mungu." Alisema kwa sauti yake ya kawaida na alimaanisha. Asubuhi yake alipanda gari la Kitai. Ndani ya lile begi lililokuja tupu tulimjazia maharage, mahindi na kahawa kidogo. Kitindamimba alimpungia mkono mpaka gari lilipokata kona, na shangazi hakugeuka nyuma, nadhani kwa sababu hakutaka tumwone.

Sasa ninafundisha kwenye ukumbi uleule. Wanafunzi wangu wanapofika kwenye mabano nawaacha wakosee kwanza, na wale waliokulia kwenye ngolo nawatambua mapema. Mdogo wangu alimaliza shule. Kitindamimba yuko sekondari, mrefu kuliko mimi, na bado tunaishi nyumba moja. Mama jirani nilimlipa siku yake, na wale wake za wanawe, na Bibi nilimlipa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alisema nilichimba kama mtu anayetazama saa.

Amebaki shangazi. Alilima siku nzima ili mtoto aliyemfuata asishuke naye, na alijua hivyo kila alipoinua jembe. Nilimwuliza kwa simu anataka nimlipe nini. Akasema desturi ni ya kwenu, lakini kama ni siku, basi siku: nishuke Lituhi nimlimie muhogo, na nije na mtoto, akae likizo nzima.

"Lini?" akauliza.

Nikamwambia Desemba, madarasa yakifungwa. Desemba ilipofika darasa letu lilipata wanafunzi wa likizo, nikashindwa. Mwaka uliofuata nikamwambia tena Desemba.

Juzi alinipigia kusema ameshaanza kufyeka mwenyewe, taratibu, na kwamba ametuachia upande wa kuelekea ziwani.

"Usilime huko, shangazi," nikamwambia. "Ni kwangu huko."

"Najua ni kwako," akasema. "Ndiyo maana sijagusa."